Kompyuta ndogo ya kurekodia muziki nyumbani: jibu kwa mwalimu wa kwaya wa Tabora

Mwalimu wa kwaya anayeishi Isevya, Tabora Mjini, ameniandikia kwamba yeye na wanakwaya wake wamechanga shilingi 1,200,000 ili waanze kurekodi nyimbo zao nyumbani kwake badala ya kukodi studio kwa saa. Watarekodi waimbaji wawili au watatu kwa zamu, gitaa moja, na kinanda ambacho sauti zake zitatoka ndani ya kompyuta yenyewe. Dukani ameonyeshwa vitu vitatu: kompyuta kubwa ya mezani iliyotumika, yenye kibandiko cha Core i7; kompyuta mpakato mpya yenye prosesa ya Celeron na kumbukumbu (RAM) ya GB 4; na kompyuta mpya ndogo sana yenye prosesa ya Intel N100. Nyumbani anayo televisheni yenye tundu la HDMI ambayo angependa iwe skrini. Anauliza achukue ipi, na kama ni sawa fedha yote iishie hapo.

Mwalimu, ningekushauri usichukue hata moja kati ya hizo tatu, ingawa ya tatu si mbaya na nitairudia. Tafuta kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 8, kumbukumbu ya GB 16 na diski ya SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, na usikubali imeze zaidi ya nusu ya mchango wenu. Nusu inayobaki ina kazi kubwa, kwa sababu vitu vitakavyoamua ubora wa nyimbo zenu, yaani maikrofoni, kadi ya sauti ya nje (kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta) na umeme usiokatika katikati ya ubeti, havimo ndani ya kompyuta.

Kurekodi hakudai nguvu nyingi kama watu wengi wanavyodhani, ila kunadai kompyuta isiyochelewa. Sauti inayoingia kupitia maikrofoni hukatwa kuwa sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, na katika kazi ya muziki kwa kawaida huwa ni sampuli 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde. Kompyuta haizipokei moja moja. Huzikusanya katika fungu liitwalo bafa, tuseme sampuli 256, ikalishughulikia fungu hilo kwa pamoja, kisha ikapokea linalofuata. Kwa kiwango cha sampuli 48,000, fungu la sampuli 256 hudumu milisekunde 5.3 tu, na ndani ya muda huo prosesa inatakiwa iwe imekwisha kupitisha sauti katika vichujio vyote, mwangwi wote na kinanda chote ulichoweka. Ni kama treni inayoondoka stesheni kwa saa yake bila kumngoja mtu: mzigo ambao haujapakiwa unabaki, na katika sauti mzigo uliobaki husikika kama mkwaruzo au mkato katikati ya wimbo.

Ukiipandisha bafa hadi sampuli 1,024, prosesa hupata nafasi, lakini fungu moja sasa hudumu milisekunde 21, na kwa kuwa sauti hupitia bafa inapoingia na tena inapotoka, mwimbaji hujisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa kwa zaidi ya milisekunde 40. Mpiga gitaa ataanza kuvuta mapigo nyuma, na soprano atakwambia kuna mtu anamfuata. Kwa hiyo kompyuta ya kufaa ni ile inayotulia kwenye bafa ya 128 au 256 wakati watu wanaimba. Ukifika wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hakuna anayejisikiliza, unaipandisha hadi 1,024 bila madhara yoyote.

Ukiipima kwa kigezo hicho, kompyuta mpakato yenye Celeron inaanguka mapema. Zile za bei ya chini zinazouzwa sana, kwa mfano zenye Celeron N4020, zina viini viwili tu (viini ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), na mara nyingi kumbukumbu yake ya GB 4 imechomelewa kwenye ubao mkuu, hivyo haiwezi kuongezwa. GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 yenyewe inakitaka, kabla hujafungua programu yoyote ya kurekodia. Ni mpya, ina dhamana ya duka, na ndiyo maana inavutia, lakini sauti nne za kwaya zikishakaa juu ya kinanda itashindwa, na hutakuwa na namna ya kuiongezea nguvu.

Kibandiko cha Core i7 nacho kisikushawishi kabla hujaiona namba kamili ya prosesa. Core i7-3770, ambayo bado inapatikana sana katika kompyuta kubwa za mitumba, ilitoka mwaka 2012. Core i5-8500T ilitoka mwaka 2018, na ina viini 6 dhidi ya vinne vya mwenzake huyo mwenye jina kubwa. Katika namba za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi, hivyo 3770 ni kizazi cha 3 na 8500T ni kizazi cha 8. Tofauti hiyo ina uzito zaidi sasa, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha yake rasmi ya prosesa za Intel zinazokubaliwa na Windows 11 inaanza na kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za nyuma yake. Wapo watayarishaji wa muziki wanaoiacha mashine ya zamani ikifanya kazi miaka mingi bila kuiunganisha na intaneti, na huo ni utaratibu halali, lakini wewe utataka kutuma nyimbo, kupakua sauti za kinanda na kupokea kazi kutoka kwa wengine.

Hizi ninazozipendekeza zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na kampuni kubwa za ng'ambo huzibadilisha kwa mkupuo baada ya miaka michache, ndipo zinapoingia katika soko la mitumba zikiwa na uhai mwingi bado. Majina ya kuyataja dukani ni Dell OptiPlex 3060 au 7060 Micro, Lenovo ThinkCentre M720q, na HP EliteDesk 800 G4 Mini au ndugu yake ProDesk 600 G4 Mini. Zote zina upana wa takribani sentimita 18 kila upande na unene wa kama sentimita tatu na nusu, na nyingi huja na hiyo i5-8500T, ambayo imepangiwa wati 35 tu. Ukikuta yenye i3-8100T, ambayo ina viini 4, usiikatae ikiwa bei imeshuka vya kutosha. Kwa waimbaji watatu na gitaa inatosha, ila kwenye kinanda kikubwa itaanza kuhema.

Kumbukumbu iwe GB 16, na iwe vipande viwili vya GB 8 vya DDR4, vile vifupi vinavyotumika kwenye kompyuta mpakato. Kinanda kizuri cha ndani ya kompyuta ni mkusanyiko wa maelfu ya sauti zilizorekodiwa kutoka kwenye piano halisi, na sehemu kubwa yake hukaa kwenye kumbukumbu muda wote unapokipiga. Diski iwe SSD, kwa kasi yake na pia kwa ukimya wake, maana diski ya kuzunguka huguna chumbani na maikrofoni huisikia. Kuhusu ukubwa, njia moja ya sauti, yaani rekodi ya mwimbaji au chombo kimoja, ya biti 24 kwa sampuli 48,000 hula takribani MB 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 5 wenye njia 12 hula kama MB 520, na mkirudia mara kadhaa mnaweza kufika GB 2 kwa wimbo mmoja. SSD ya GB 256 inatosha kuanzia, mradi uwe na diski ya nje ya kuhamishia nyimbo zilizokamilika, na ununue diski hiyo mapema, kabla hujapoteza wimbo wa kwanza.

Sasa kuhusu kelele, jambo ambalo wauzaji hawaliulizwi. Kompyuta ndogo ina feni ndogo, na feni ndogo ikipata joto hulia kwa sauti nyembamba inayoingia moja kwa moja katika eneo la sauti ya binadamu. Tabora, kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, vumbi huingia hata kwenye chumba kilichofungwa, hukaa kwenye mapezi ya kupoza prosesa, na joto la Oktoba linamalizia. Ukishainunua, mwombe fundi aifungue, aipulizie vumbi na abadilishe grisi ya prosesa, ambayo kwa mashine ya mwaka 2018 huenda imekauka kabisa. Baada ya hapo uisafishe mwenyewe kila kiangazi. Kisha iweke mbali na mwimbaji. Kadi nyingi za sauti za nje hutumia USB 2.0, ambayo kebo yake inaruhusiwa kufika mita 5, na urefu huo unatosha kuiacha kompyuta nyuma ya mlango au chumba cha pili ukabaki na kadi, kipanya na skrini mbele yako. Ikiwa lazima ikae chumbani, elekeza mgongo wa maikrofoni upande wa kompyuta, kwa sababu maikrofoni nyingi za kuimbia husikia kidogo sana kwa nyuma. Mvua juu ya mabati haina dawa ya aina hiyo. Katika miezi ya masika panga kurekodi asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika.

Umeme ndio udhaifu mkubwa wa kompyuta ndogo ya mezani, na hapa kompyuta mpakato inaishinda waziwazi, kwa kuwa ina betri yake. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla unapoteza ulichokuwa ukirekodi, na mara nyingine faili lote la wimbo huharibika. Kwa hiyo UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, ihesabiwe kama sehemu ya bei ya kompyuta. Ndogo ya VA 650 inatosha: kompyuta ya aina hii pamoja na kadi ya sauti hutumia umeme kidogo kiasi kwamba utapata muda wa kumaliza ubeti, kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Usiiunganishe televisheni kubwa kwenye UPS hiyo kama si lazima. Fahamu pia kwamba UPS za bei nafuu, zinapotumia betri, hutoa umeme wa mawimbi yasiyo laini ambayo yanaweza kuingiza muungurumo kwenye gitaa la umeme, hivyo umeme ukikatika maliza ulichoanza, usianze kipande kipya. Na mwezi wa Novemba, radi zinapoanza, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa antena unaokwenda kwenye televisheni, kwa kuwa kebo ya HDMI huipitisha hitilafu hiyo hadi kwenye kompyuta.

Tukiwa bado kwenye televisheni: itafaa. Dell 3060 na Lenovo niliyoitaja zina tundu la HDMI, lakini Dell 7060 na HP za namna hiyo mara nyingi huja na matundu ya DisplayPort pekee, ambayo ni aina nyingine ya tundu la skrini, hivyo uliza mapema ili usilazimike kurudi dukani kutafuta kigeuzi. Picha inaweza kuchelewa kidogo, jambo ambalo halidhuru mradi sauti utaisikiliza kupitia kadi ya nje na si kupitia spika za televisheni.

Kadi ya sauti ndiyo inayostahili fikra zako zaidi ya prosesa. Tundu la maikrofoni lililopo kwenye kompyuta yenyewe limetengenezwa kwa ajili ya mikutano, si kwa ajili ya kwaya. Kadi ya nje hubadilisha sauti kuwa sampuli kwa ubora wa juu zaidi, huipa maikrofoni ya kondensa umeme wa volti 48 inaouhitaji, na, kubwa kuliko yote, huja na programu yake ya kuiendesha chini ya mfumo wa ASIO, ambao hupunguza sana kuchelewa kwa sauti katika Windows. Hapa kuna mtego wa bei. Behringer UM2 ni rahisi, lakini ni ya biti 16 na hutegemea programu ya jumla iitwayo ASIO4ALL. UMC202HD ya kampuni hiyohiyo ni ya biti 24 na ina programu yake mahususi, na kwenye kompyuta ileile utaona tofauti unapoishusha bafa. Focusrite Scarlett 2i2 ni nzuri pia ukiipata kwa bei inayokubalika. Zote mbili zina matundu mawili, na kwa waimbaji watatu hayo yanatosha: weka maikrofoni mbili zinazofanana zikiwa zimeachana kwa sentimita 17 na kufunguka kwa pembe ya nyuzi 110, waimbaji wasimame kwa nusu duara, nawe utapata upana wa kwaya bila kumpa kila mtu maikrofoni yake. Ikiwa una hakika mtataka kurekodi sauti nne kwa wakati mmoja, kila moja kwa njia yake, basi hesabu UMC404HD tangu sasa, kwa sababu kuunganisha kadi mbili za USB katika Windows ni usumbufu usio na mwisho.

Kadi hizo zina pia kitufe cha kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kitumie. Kinaondoa tatizo la kuchelewa kwa waimbaji na gitaa, na kukuacha na kinanda cha ndani pekee kama kazi inayodai bafa ndogo.

Niirudie N100, kwa kuwa nisingependa uidharau. Ina viini 4, imepangiwa wati 6 tu, haina kelele nyingi, na kwa mtu wa kijijini Uvinza au Kaliua anayetegemea sola ndiyo ambayo ningemwambia achukue bila kusita. Inarekodi njia nane za sauti bila shida. Inachokosa ni nguvu ya kubeba kinanda kikubwa pamoja na mwangwi mwingi kwa bafa ndogo, na nyingi zina nafasi moja tu ya kumbukumbu, hivyo hakikisha GB 16 zimo tangu mwanzo. Na kama mipango yenu itabadilika, mkaamua kwenda kurekodi kwaya za Urambo na Sikonge katika makanisa yao, basi acha kompyuta ya mezani kabisa utafute kompyuta mpakato ya ofisini iliyotumika ya kizazi hichohicho cha 8, kwa mfano Lenovo ThinkPad T480, ambayo kumbukumbu yake huongezwa na betri yake ya nje hubadilishwa bila kufungua kasha. Mac mini ya mwaka 2020 yenye prosesa ya M1 ni nzuri kuliko zote hizi kwa ukimya na kwa sauti, na huja na GarageBand bila malipo, lakini kumbukumbu yake haiongezwi kamwe, na katika bajeti yenu isingebakiza fedha ya maikrofoni.

Ukiagiza kutoka Dar es Salaam ije kwa basi, mwombe ndugu au rafiki aliyeko huko aiwashe mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Aingie kwenye mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza F2 kwenye Dell, F1 kwenye Lenovo na F10 kwenye HP mara inapowaka, ahakikishe haidai nenosiri la kampuni iliyoimiliki zamani, kwa kuwa mashine iliyofungwa hivyo itakusumbua siku ya kubadilisha diski. Asome humo namba kamili ya prosesa na kiasi cha kumbukumbu. Achomeke kitu katika kila tundu la USB. Aangalie adapta pia, kwa sababu Dell huitambua adapta yake kupitia pini ya katikati, na ikishindwa kuitambua hupunguza mwendo wa prosesa. Mashine itawaka vizuri kabisa, lakini itakwaruza kila unaporekodi, na mtu anaweza kuhangaika miezi akilaumu kadi ya sauti.

Kwa programu ya kurekodia na kuchanganya sauti, ningechagua Reaper. Leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60, unaruhusiwa kuijaribu siku 60 kwanza, na faili lake la kusakinisha ni dogo kiasi cha kutokula bando lako. Najua vijana wengi wa mjini hutumia FL Studio, na kwa kutengeneza midundo ni chombo bora, lakini kwa kupanga sauti za kwaya zilizorekodiwa mara nyingi Reaper inakwenda kwa wepesi zaidi. Usiweke nakala zilizovunjwa ufunguo. Ndizo zinazoleta virusi vinavyoifanya mashine nzuri ikwame. Kisha weka mpangilio wa umeme wa Windows kwenye utendaji wa juu, zima Wi-Fi kila mnaporekodi, na kama mikwaruzo itaendelea tumia programu ya bure iitwayo LatencyMon, ambayo itakutajia ni kiendeshi kipi, yaani programu ya kuendesha kifaa fulani, kinachoichelewesha mashine.

Mji huu uliwahi kutoa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, bendi ambazo sauti zake zimetufikia kwa sababu wengine walizirekodi, na ninafurahi kwa dhati kuona kwaya ya Isevya ikitaka kujirekodi yenyewe, papo hapo ilipo.

Kuhusu mpangilio wa manunuzi, ikiwa fedha haitatosha kwa mara moja, anza na kompyuta pamoja na kadi ya sauti na maikrofoni moja, mrekodi mwimbaji mmoja mmoja. UPS ifuate kabla ya mvua za Novemba. Maikrofoni ya pili, iliyo sawa kabisa na ya kwanza kwa jina na namba, inunuliwe mchango ujao, na vipande viwili vya kumbukumbu vinaweza kungoja hadi hapo ikiwa mashine imekuja na GB 8.